Mistari 625: Historia ya Picha za Televisheni na Kanda Zilizobaki

  Kila mmoja na akae mahali atakaposikia vizuri, na mwenye karatasi ya somo aiweke mbele yake. Asiyeweza bado kusoma haraka asione haya. Asikilize kwanza, kisha baadaye asome polepole pamoja na mwenzake.

Leo tutazungumza habari za televisheni. Najua wengine mtasema, "Televisheni ina historia gani? Si chombo cha juzi tu?" La, ndugu zangu. Historia si habari za masultani na vita peke yake. Kila chombo kilichomo nyumbani mwako kina historia yake, na usipoijua huenda ukapoteza mali yako bila kujua umeipotezaje.

Somo hili limetokana na swali la mama mmoja wa darasa la Kaole, karibu na Bagamoyo. Alieleza kwamba mwaka 1996 alimwoza binti yake, na arusi ile ikapigwa picha katika kanda ya video. Ndani ya kanda ile yumo mama yake mzazi, bibi wa biarusi, akishangilia na kupiga vigelegele. Bibi yule sasa ni marehemu, wala hakuacha picha nyingine. Kijana wa nyumbani akaona deki za video zinatoweka, akaichukua kanda mjini, akairudisha na CD. Walipoiweka CD ile, mwanzo ilikuwa si mbaya. Lakini mdundiko ulipoanza na watu wakacheza, nyuso zote zikavunjika vipande vya mraba mraba, kama vigae vya sakafu. Uso wa bibi haukutambulikana. Mama akauliza mambo mawili: ni kitu gani kilichoivunja picha? Na je, kuna dawa?

Majibu yapo, nasi tutayatoa. Lakini kwanza hatuna budi kujua picha ya televisheni ilitengenezwaje.

PICHA HUSOMWA KAMA UKURASA

Itazame karatasi hii iliyo mbele yako. Unaisomaje? Unaanza juu, upande wa kushoto, unakwenda kulia mpaka mwisho wa mstari. Kisha jicho larudi kushoto, lashuka mstari wa pili, na kuendelea hivyo mpaka chini. Ukimaliza ukurasa, unafungua mwingine.

Televisheni ya zamani ilifanya vivyo hivyo. Ndani yake, nyuma ya kioo, palitoka mwale mwembamba wa umeme. Mwale ule ulipita juu ya kioo kutoka kushoto kwenda kulia, na kila ulipogusa, kioo kiling'aa. Mahali pengine kiling'aa sana, mahali pengine kidogo, na mahali pengine kikabaki cheusi. Ulipofika mwisho wa mstari, mwale ulirudi upesi kushoto ukaanza mstari mwingine. Jicho la mtu halikuuona mwale ukitembea, kwa kuwa ulikwenda mbio mno. Jicho liliona picha nzima.

Katika kiwango kilichotumika kwetu, kila picha ilikuwa na mistari 625, na kila sekunde moja zilipita picha 25. Mistari iliyobeba picha yenyewe ilikuwa 576. Iliyobaki ilipita wakati mwale uliporudi juu ya kioo kuanza upya.

Lakini palikuwa na shida. Picha 25 kwa sekunde zilitosha kuonyesha mwendo, ila kioo kingepepesa na kuchosha macho. Basi mafundi wakafanya hila. Mwale ulichora kwanza mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea. Kisha ulirudi juu ukachora mistari ya shufwa, yaani wa 2, wa 4, wa 6 na kuendelea. Hivyo kioo kiliangazwa mara 50 kwa sekunde, kila mara kwa nusu moja ya mistari. Tena nusu hizi mbili hazikupigwa kwa wakati mmoja. Ya pili ilipigwa baadaye kidogo, kwa hiyo mcheza ngoma alikuwa amekwisha sogea. Zikumbukeni nusu hizi mbili, maana tutakutana nazo tena.

Kwa nini 50? Kwa sababu ya umeme. Umeme wa nyumbani kwetu, kama ule wa Uingereza na wa Ulaya, hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme wa Marekani hupiga 60. Mafundi wa mwanzo waliona ni salama kuifuatisha televisheni na mwendo wa umeme wa nchi, ili picha isitikisike. Kwa hiyo Wamarekani walifuata 60, na wengine wakafuata 50. Jambo hilo dogo liliigawa dunia yote mafungu mawili.

KILA NCHI NA MISTARI YAKE

Tarehe 26 Januari 1926, mjini London, Mskochi mmoja aitwaye John Logie Baird aliwaonyesha wataalamu picha za televisheni. Picha zake zilikuwa na mistari 30 tu. Ukiambiwa uchore uso wa mtu kwa mistari 30, utaona jinsi ilivyo kazi ngumu. Uso ulitambulikana, lakini kwa shida.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1936, shirika la BBC la Uingereza lilianza matangazo ya televisheni yenye mistari 405. Mwaka 1941 Wamarekani wakaweka kiwango cha mistari 525. Baada ya vita vikuu vya pili, Wafaransa wakachagua mistari 819, wakitaka picha safi kuliko za wote. Nchi nyingine nyingi za Ulaya zikakubaliana mistari 625.

Ninyi mnaojua kushona mikeka mtafahamu upesi. Fundi mmoja anasuka ukili mwembamba, mwingine mpana. Kila mmoja akimaliza, mkeka wake ni mzuri. Lakini huwezi kuchukua ukili wa huyu ukauunga na wa yule, ukapata mkeka ulionyoka. Vivyo hivyo seti ya mistari 405 haikuweza kuonyesha picha ya mistari 625. Mwingereza aliyetaka kutazama kituo cha pili cha BBC kilipofunguliwa mwaka 1964 ilimbidi awe na seti nyingine, kwa kuwa kituo hicho kilitangaza kwa mistari 625. Matangazo ya mistari 405 yaliendelea kidogo kidogo huko Uingereza, yakazimwa kabisa mwaka 1985.

RANGI NA UGOMVI WAKE

Mwanzoni picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mwaka 1953 Wamarekani walikubali namna yao ya kutia rangi, iitwayo NTSC. Ilikuwa kazi ya akili nyingi, kwa sababu mtu mwenye seti ya zamani aliweza bado kutazama, ila bila rangi. Lakini ilikuwa na udhaifu. Mawimbi ya rangi yakipotoka kidogo njiani, rangi yenyewe hubadilika. Uso wa mtu ukaweza kugeuka kijani au zambarau, na mwenye seti ilimbidi ainuke kurekebisha. Mafundi wenyewe walifanya mzaha, wakasema rangi hiyo haiji sawa mara mbili.

Mjerumani mmoja aitwaye Walter Bruch, wa kampuni ya Telefunken, alitafuta dawa. Kiwango chake, alichokionyesha mwaka 1963, kinaitwa PAL. Fikiri watu wawili ndani ya mtumbwi. Wakipiga kafi wote upande mmoja, mtumbwi utapinda. Lakini mmoja akipiga kulia na mwingine kushoto, mtumbwi utakwenda sawa. Bruch aliigeuza sehemu ya mawimbi ya rangi katika kila mstari wa pili. Kosa likitokea, mstari mmoja hupinda huku, na unaofuata hupinda kule. Seti huichanganya mistari hiyo miwili, na makosa yakafutana. Uso wa mtu ukabaki uso wa mtu.

Wafaransa nao walikuwa na namna yao, iitwayo SECAM, iliyobuniwa na Henri de France. Wao walipeleka rangi kwa zamu: mstari huu habari za rangi moja, mstari unaofuata habari za nyingine. Wataalamu wa nchi nyingi walikutana Vienna mwaka 1965 na Oslo mwaka 1966 ili wachague kiwango kimoja cha Ulaya yote. Hawakupatana. Ubingwa wa kazi uliingiliwa na siasa na biashara. Mwaka 1967 Uingereza na Ujerumani ya Magharibi zikaanza rangi kwa PAL, na Ufaransa na Urusi zikaanza kwa SECAM.

Mtauliza, "Ugomvi huo watuhusu nini sisi wa pwani?" Watuhusu sana. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Wafaransa au Wabelgiji zilirithi SECAM, mathalan Madagascar, Djibouti na Kongo ya Kinshasa. Nchi za jirani zetu zilizotawaliwa na Waingereza zilichukua PAL. Kwa hiyo mtu aliyeletewa kanda kutoka Muscat, ambako walitumia PAL kama Unguja, aliweza kuitazama bila taabu. Aliyeletewa kanda na ndugu yake aliyeko Marekani aliiweka katika deki yake ya kawaida, na picha ikapanda na kushuka, au ikaja bila rangi. Wengine walidhani kanda ni mbovu, wakaitupa. Kanda ilikuwa nzima. Ilikuwa imeandikwa kwa hati nyingine tu, kama barua ya Kiarabu mkononi mwa mtu aliyejifunza herufi za Kizungu peke yake.

TELEVISHENI INAFIKA PWANI YETU

Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zilikuwa picha nyeusi na nyeupe.

Tanzania Bara ilifuata njia nyingine. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa. Seti ilikuwa ghali, na umeme haukufika vijijini. Radio ilikuwa rahisi, ikafika kila mahali. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafanyika kampeni kubwa ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza masomo ya radio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ninyi mliokaa leo kando ya radio ni warithi wa vikundi vile.

Lakini tazameni jambo la ajabu. Mwaka huo huo wa 1973, ng'ambo ya mkondo wa bahari, Televisheni ya Zanzibar ilianza kazi, tena kwa rangi. Mpango wake ulianza wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa Aprili 1972, kabla hajauona mwisho wake. Televisheni hiyo yahesabiwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini ya Sahara. Afrika Kusini yenyewe, pamoja na utajiri wake wote, ilianza televisheni mwaka 1976. Kiwango cha Zanzibar kilikuwa PAL, mistari 625.

Kutoka Bagamoyo mpaka Unguja ni bahari tu, na mawimbi ya televisheni hayakuulizwa pasi. Watu wachache wa pwani waliokuwa na seti waliinua antena juu ya mlingoti mrefu, wakaielekeza Unguja. Hivyo watu wa Bara waliona picha za rangi kabla Bara haijawa na kituo hata kimoja.

Bara ilipata vituo vyake mwaka 1994, vya watu binafsi, navyo ni kama ITV. Baadaye Serikali nayo ikaanzisha Televisheni ya Taifa, ambayo leo ni TBC. Vituo hivi vikaleta michezo ya kuigiza ya Kiswahili. Kundi moja la Dar es Salaam, lililopendwa sana kupitia ITV, lilijiita Kaole. Mmoja wa vijana waliopitia kundi hilo ni marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012. Hivyo jina la kijiji chenye magofu ya zamani likaingia katika nyumba nyingi kwa njia ya televisheni.

Mwisho wa mistari 625 ulikuja kwa mapatano. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kuhamia matangazo ya dijitali, na mwisho ukawekwa tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikungoja mpaka mwisho. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika miezi iliyofuata ikazimwa katika miji mingine. Mnakumbuka jinsi watu walivyohangaika kutafuta ving'amuzi. Seti ya zamani bila king'amuzi ikaonyesha chenga tupu.

KANDA ZILIZOBAKI

Matangazo yalizimwa, lakini kanda hazikuzimika. Zimo masandukuni, juu ya makabati na chini ya vitanda.

Kanda iliyoenea kwetu ni VHS, iliyotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Ndani yake mna utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, upana wake nusu inchi. Ni utepe huo ulioandikwa arusi, maulidi, mazishi na ngoma za watu wetu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na tamasha lake likaanza mwaka uliofuata. Kwa muda wa miaka 20 na zaidi, mtu aliyetaka kuhifadhi ngoma yenye mwendo na sauti alitumia kanda ya namna hii au nyingine zilizofanana nayo.

Adui wa kanda ni watatu. Wa kwanza ni hewa ya pwani, yenye joto na unyevu, inayoleta kuvu. Wa pili ni wakati, maana sumaku hufifia na gundi hulegea. Wa tatu ni kukosekana kwa deki. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo kila deki iharibikayo inazidi kuwa vigumu kupata badala yake. Mwenye kanda hana budi kuihamishia katika kompyuta, na aihamishe vizuri, maana huenda asipate nafasi ya pili.

KUBANA PICHA

Sasa tufanye hesabu. Chukueni kalamu.

Kanda huchezwa katika deki. Waya hutoka katika deki kwenda katika kadi ya kunasia picha, na kadi hiyo huigeuza picha kuwa tarakimu. Mwaka 1982 mataifa yalikubaliana kwamba kila mstari ugawanywe nukta 720. Nchi za mistari 625 na nchi za mistari 525 zilikubali jambo hili pamoja. Picha yetu ina mistari 576 ionekanayo. Zidisheni 720 kwa 576, mtapata nukta 414,720. Kila nukta huandikwa kwa baiti 2, yaani mafungu mawili madogo ya hesabu. Basi picha moja ni baiti 829,440. Kwa sekunde moja ni picha 25, yaani baiti 20,736,000. Kwa saa moja zinapita bilioni 74. CD ya kawaida huchukua baiti milioni 700 hivi. Ingehitajiwa CD zaidi ya 100 kwa arusi ya saa moja!

Kwa hiyo mafundi walitafuta namna ya kubana. Namna hizo ni tatu.

Ya kwanza ni kubana bila kupoteza kitu. Badala ya kuandika neno "chumvi" mara 100, unaandika "chumvi mara 100". Msomaji ataweza kurudisha maneno yote kama yalivyokuwa. Picha hupungua kufika nusu hivi, au chini ya hapo, na hakuna kilichopotea.

Ya pili ni kubana kila picha peke yake, kwa kuacha mambo ambayo jicho haliyaoni sana. Picha hukatwa miraba midogo ya nukta 8 kwa 8, na kila mraba huelezwa kwa ufupi. Kiwango kiitwacho DV, kilichotoka mwaka 1995, hufanya hivyo. Saa moja ya DV ni baiti bilioni 13 hivi. Upotevu upo, lakini ni mdogo, na jicho la kawaida haliutambui.

Ya tatu ni kubana kwa kulinganisha picha na zilizo jirani yake. Fundi huandika picha moja, kisha kwa zinazofuata huandika mabadiliko tu: "Ukuta ni ule ule, mlango ni ule ule, mkono umeinuka." Namna hii hubana sana. Watu wakikaa kimya, kazi ni nyepesi. Lakini wakicheza ngoma, kila kitu hubadilika mara moja, na nafasi ya kuandika ni ile ile ndogo. Hapo miraba hutokeza.

Zamani mtu alipopeleka simu ya maandishi posta, alilipia kila neno. Ndiyo maana aliandika "Mama mgonjwa njoo" akaacha mengine yote. Habari ilifika. Lakini aliyeipokea hakuweza kujua mama anaumwa nini, tangu lini, na kama anakula. Maneno yaliyoachwa posta hayawezi kusomwa upande wa pili, hata ukiisogeza karatasi karibu na taa.

JIBU LA MAMA WA KAOLE

Sasa twaweza kujibu. CD aliyopewa mama yetu ni ya namna iitwayo VCD, iliyokuja mwaka 1993, nayo ilienea sana kwetu kwa sababu ilikuwa rahisi. VCD haichukui nukta 720 kwa mistari 576. Yachukua nukta 352 kwa mistari 288. Mnaona? 288 ni nusu ya 576. Ile nusu ya pili ya mistari imeachwa, na pamoja nayo nusu ya mwendo. Kisha kilichobaki kikabanwa kwa namna ya tatu, mpaka katika kila sehemu 144 za picha kamili ikabaki sehemu 1. Wakati wa salamu na mawaidha picha ilivumilia. Mdundiko ulipolia, haikuweza.

Basi kilichoivunja picha ni nini? Wala si kanda, wala si deki. Ni kiwango cha kubana kilichochaguliwa, labda na mtu aliyetaka tu arusi nzima iingie katika CD moja. Hakukosa adabu, ila hakuulizwa, wala hakueleza. Hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba kuna swali la kuuliza.

Na dawa? CD ile haina dawa. Kilichoachwa nje hakimo ndani yake, na mtu akikuahidi kuisafisha CD hiyo uso urudi kama ulivyokuwa, usimpe fedha yako. Lakini mama yetu alifanya jambo moja la busara: hakuitupa kanda. Maadamu kanda ipo na haijaota kuvu, uso wa bibi bado umo ndani. Na ainakilishe upya kutoka kwenye kanda yenyewe, kabla ya masika mengine kuja na unyevu wake.

Wewe nawe, ukipeleka kanda yako kwa fundi, mwambie haya matano. Yaandike katika karatasi, maana sasa unajua kuandika.

1. Kanda za kwetu ni PAL. Kadi ya kunasia na iwekwe PAL. Ikiwa kanda yatoka Marekani, na iwekwe NTSC.
2. Picha iwe nukta 720 kwa mistari 576, na nusu zote mbili za mistari zihifadhiwe.
3. Kubana kuwe kudogo: bila kupoteza kitu kama nafasi inatosha, au DV kama haitoshi. Nakala ndogo ya kutazama kwenye simu itengenezwe baadaye, kutoka katika nakala kubwa.
4. Kama deki ina tundu la S-Video, na litumike. Waya wa manjano hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganyika. S-Video huvitenga.
5. Kanda irudishwe kwako. Iweke wima, mahali pakavu, mbali na jua.

Bei itakuwa kubwa kidogo, na utahitaji flashi au diski yenye nafasi. Pima mwenyewe thamani ya kilichomo.

Kabla sijamaliza, ninyi wa Kaole nawapeni kazi ya nyumbani. Nendeni kwenye magofu yenu, penye misikiti na makaburi yaliyoanza kujengwa tangu karne ya 13. Itazameni nguzo ya kaburi. Zamani wazee waliipamba kwa kutia ndani ya chokaa bakuli za kauri kutoka China. Leo mtaona mashimo ya mviringo, ila bakuli hazimo. Tundu laonyesha kwamba palikuwa na kitu, hata ukubwa wake waujua. Lakini rangi na nakshi za bakuli huwezi kuzisoma katika tundu. Picha iliyobanwa mno ni kama nguzo ile.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Picha ya televisheni ya zamani ilisomwaje? Eleza kwa kutumia ukurasa wa kitabu.
2. Kwa nini nchi zetu zilifuata 50 na Marekani 60?
3. Mwaka 1973 lilitokea jambo gani Unguja, na jambo gani Bara?
4. Kwa nini nyuso zilivunjika ngoma ilipoanza, wala si wakati wa mawaidha?
5. Nani katika darasa lenu ana kanda nyumbani? Ina picha ya nani? Andikeni jina na mwaka juu ya kila kanda kabla ya somo lijalo, mkimwuliza mzee aliyekuwapo.

Swali la 5 msiliache. Kanda isiyo na jina hutupwa na wajukuu.